Kurasa Mia Nne na Kumi na Mbili

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa muda wa siku sita, nakutangazia wewe, shemeji, wapwa zangu watatu, na yeyote atakayekuwa amesimama karibu na cherehani yako barua hii itakapofunguliwa, kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita ndugu yenu amekabidhiwa kiti chenye magurudumu. Tafadhali msianze kulia. Si kile cha wagonjwa, ingawa nafanya kazi hospitalini na vile vya wagonjwa vimejaa kwenye korido. Hiki ni kiti cha ofisi, cheusi, kina mikono miwili na kijiti cha kukipandisha na kukishusha, na mgongoni kimebandikwa karatasi yenye jina langu. Yaani, si jina langu hasa. Wameandika Fundi Baridi, lakini hakuna asiyejua ni nani.

Baada ya tangazo hilo zito, habari za huko? Mgongo umetulia, au bado unainamia kitambaa mpaka usiku na kujidai haukuumi? Shemeji namsalimia kwa mikono miwili. Mwambie ule ushauri wake wa kunywa maji ya moto kila asubuhi niliufuata siku mbili, na siku ya tatu nikapona ushauri. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa mafua yangu ya kawaida ya mtu anayeishi ndani ya baridi aliyoitengeneza mwenyewe.

Katika barua yako uliniuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa jibu, kazi yangu hasa ni nini. Ulisema mwanao wa kati amewaambia wenzake shuleni kwamba mjomba wake analinda kompyuta kwa rungu. Naomba nimsahihishe, maana hata rungu sijapewa.

Nyuma ya chumba cha kufulia mashuka kuna chumba kingine chenye mlango wa chuma, na ndani yake zimekaa seva za hospitali. Seva ni kompyuta isiyo na skrini wala kibodi. Inalala kwenye kabati kama sinia, na kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Moja inatunza mafaili ya wagonjwa, moja majibu ya maabara, moja picha za eksirei, na kadhalika mpaka ishirini na tatu. Pembeni yao ipo moja tuliyoibatiza Mkaguzi. Huyo hamtibu mtu. Kazi yake ni kuwapitia wenzake kila wakati na kuwauliza: una joto, umeshiba, unapumua? Majibu anayachora kwenye kurasa, mistari ya kupanda na kushuka yenye rangi tatu. Kijani, kaa; njano, inuka; nyekundu, kimbia. Mimi ni mmoja wa wanaozitazama hizo kurasa na kukimbia inapobidi.

Unajua nilikoanzia. Niliingia mle miaka tisa iliyopita na ngazi begani, fundi wa viyoyozi kutoka karakana, sina cheti cha kitu chochote zaidi ya kile cha chanjo. Mwenye chumba alikuwa mzee mmoja aliyevaa koti la sufu mwaka mzima, Mzee Koti tulimwita, na koti lenyewe lilikuwa kosa langu. Siku moja nikiwa juu ya ngazi nasafisha vichujio, nikaona kwenye skrini yake mstari ukishuka taratibu, na kila nilipofunga kichujio kingine ukashuka tena. Nikamuuliza ule mstari ni wa nini. Akaniambia ni joto la chumba, na kwamba anayeuvuta chini ni mimi. Dada, nilikuwa sijawahi kuona kazi yangu ikichorwa. Kesho yake nilirudi kusafisha vichujio vilivyokuwa safi. Ndivyo nilivyosoma, mwaka baada ya mwaka, kwa kuuliza maswali ya kijinga nikiwa juu ya ngazi, mahali ambapo mtu haoni aibu kwa sababu hawamwoni uso. Mwishowe Mzee Koti akamwomba Mkuu wa kitengo nihamishiwe chini, akisema amechoka kuongea na miguu.

Sasa nikueleze ugomvi ulioniletea kiti. Usiogope, ni ugomvi wa mafundi cherehani, utauelewa kuliko mimi.

Mzee Koti alimfundisha Mkaguzi kuchora kila kitu kabla hakijaombwa. Kila baada ya dakika tano anachora kurasa zote, mia nne na kumi na mbili, anazitundika, kisha anaanza upya. Ukija unataka ukurasa, upo, unauchukua, unakwenda. Ni sawa na wewe ukishona sare za shule za saizi zote na kuzining'iniza dukani. Mteja hasubiri. Lakini nani atavaa zote? Mkaguzi alikuwa anatumia dakika nne na nusu za kila dakika tano kushona nguo zisizo na mwili, na nusu dakika iliyobaki ndiyo ilikuwa usingizi wake.

Mzee Koti alipostaafu akaja Msomi. Namwita Msomi bila dhihaka, ana shahada mbili na miwani ya kuzisomea. Siku ya tatu alitukalisha akatueleza kwamba wahenga walisema akiba haiozi kwa sababu hawakuwahi kuona akiba ya kurasa, ambayo inaoza kila dakika tano. Ukurasa uliochorwa kabla, alisema, unakupa kipimo cha jana na unavaa suruali fupi ukidhani ni mtindo. Njia yake ilikuwa kuchora papo hapo. Asiyeomba hachorewi. Anayeomba anapimwa pale aliposimama, na anapata hali ya mashine ya sekunde ileile. Nilijaribu kumpinga, akaniuliza kwa upole nimtajie mara ya mwisho niliyoufungua ukurasa wa mia tatu na themanini. Nikamjibu kwamba niliufungua mwezi uliopita. Akaniuliza ulikuwa unahusu nini. Nikaona bora nikague kiyoyozi.

Alikuwa na haki, nakiri. Na aliniagiza mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua njia za Mzee Koti, niiondoe ile ratiba ya dakika tano. Nikaiondoa. Mwezi huohuo Msomi akaunganisha seva sita mpya za wodi za jengo jipya, na kazi ikaendelea. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Aliahidi kwamba Mkaguzi atapumzika, na Mkaguzi hakupumzika. Alikuwa bado anahema kama aliyepanda mlima na gunia. Msomi aliipitia kazi yake mstari kwa mstari, mara tatu, akalaumu uzee wa mashine, akalaumu macho yake. Mimi nilimpelekea chai na kumpa pole.

Wakati huo ndipo Mkuu wa kitengo alipotuita. Ni mama mfupi, haongezi neno pale ambapo kutikisa kichwa kunatosha. Alisema kitengo kitabaki na nafasi mbili, na tulikuwa watatu: Msomi, mimi, na mwenzetu tuliyemwita Mtu wa Nyaya kwa sababu ndiye aliyevuta nyaya za hospitali nzima. Nafasi ya Msomi haikuwa na mjadala. Kwa hiyo ilibaki moja, kati ya Mtu wa Nyaya, ambaye cheti chake kimo ndani ya fremu, na mimi, ambaye fremu niliyo nayo ni ya kichujio. Atakayekosa atarudi karakana. Dada, karakana si jehanamu, nimeishi huko. Ila kule ukifanya kazi vizuri hakuna mstari unaoshuka. Nilikaa wiki mbili sisemi mzaha, mpaka mama wa kufulia akaniuliza nani amefariki.

Basi ikaja ile Jumanne.

Saa tatu asubuhi, kliniki zote zimejaa, kompyuta za madaktari zikaanza kuvuta miguu. Unafungua faili la mgonjwa, linakuja baada ya dakika tatu, la mgonjwa mwingine haliji kabisa. Maabara wana majibu lakini hayaendi popote. Chumba cha upasuaji kikapiga simu kwamba mgonjwa yuko mezani, daktari amesimama na mikono yake imevaa glavu hewani, anasubiri kujua wingi wa damu, na kwamba hatazami saa kwa sababu ameshikwa na hasira. Matroni akaweka manesi kwenye ngazi wapokezane karatasi mkono kwa mkono kama matofali.

Swali lilikuwa moja: katika seva ishirini na tisa, mgonjwa ni yupi? Na wa kujibu ni Mkaguzi. Kila mtu akaenda kumuuliza kwa wakati mmoja. Mkuu akafungua ukurasa, mkurugenzi akafungua, matroni akafungua, maabara wakafungua kwenye kompyuta nne, na yeyote aliyeona ukurasa hauji akabonyeza tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Kila kubonyeza ni ombi jipya, na kila ombi linachorewa lake, mwanzo mpaka mwisho. Wewe wajua wiki ya shule kufunguliwa, wazazi arobaini dukani na kila mmoja anataka mwanawe apimwe sasa hivi. Mkaguzi akasimama na tepu mkononi, hampimi huyu wala yule. Skrini zote nyeupe, na katikati kile kiduara kinachozunguka na kumwahidi mtu mambo.

Msomi aliandika kwenye kibodi mpaka jasho likamtoka, katika chumba changu, nyuzi joto kumi na nane. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mkuu alisimama nyuma yake akiuliza kila dakika kama kuna kitu, na Msomi akijibu kila dakika kwamba bado.

Nikamwambia Mkuu aniruhusu nikae kwenye kompyuta ya Mkaguzi dakika tano. Akanitazama. Msomi akasema, bila kugeuka, kwamba huu si wakati wa vichujio. Mkuu akanikubalia kwa kutikisa kichwa, na kwa yule mama hilo ni hotuba. Nikakaa. Nikafunga mlango wa maombi yote, kisha nikamwamuru Mkaguzi achore ukurasa mmoja tu, ule wa mbele wenye seva zote na rangi zao, auchore mara moja kwa dakika, autundike, na kila anayeuliza apewe huohuo. Yaani nilifanya unachofanya wewe msimu wa shule: saizi tatu za kawaida zining'inizwe mlangoni, na mwenye mtoto wa ajabu ndiye aingie ndani apimwe.

Dakika ya pili ukurasa ukaja. Dada, ulikuja kwa watu wote kwa pamoja. Nilisikia korido nzima ikishusha pumzi. Ishirini na nane kijani na njano, na mmoja mwekundu kama pilipili: seva ya picha za eksirei ilikuwa imeshiba mpaka shingoni, haina nafasi hata ya picha ya kidole, na kwa kushindwa kumeza ikawa inawakabidhi wenzake mzigo wake wote. Msomi aliruka. Nikubali kwamba yeye ndiye aliyeijua dawa, mimi sikuijua. Dakika kumi na tano baadaye majibu ya damu yakafika mezani, na yule daktari akashusha mikono. Mgonjwa anaendelea vizuri. Nilikwenda kumwona wodini, nikajifanya nakagua kiyoyozi.

Mchana Mkuu alisema mbele ya kitengo, na mbele ya matroni ambaye neno likimfikia huwa limefika kila mahali, kwamba tangu leo ukurasa wa mbele utachorwa kabla na zilizobaki zitachorwa papo hapo. Msomi mwenyewe, kwa mkono wake, aliandika kwenye rasimu ya taarifa maneno haya: mbinu ya Fundi Baridi. Nilimwomba anionyeshe tena, nikamwambia sikusoma vizuri. Nilisoma vizuri. Mama wa kufulia aliniambia nimeanza kutembea kwa kukanyaga vidole. Acha nitembee.

Sasa, dada, kaa chini. Najua umekaa, lakini weka mkasi pembeni.

Nilikuambia niliiondoa ile ratiba ya dakika tano. Niliiondoa mahali Msomi alipoweza kuiona. Kisha nikairudisha chini ya jina langu, ndani ya kazi ndogo niliyopewa kihalali ya kusoma joto la chumba, na humo ikaendelea kuchora kurasa zote za Mzee Koti kila dakika tano, mia nne na kumi na mbili, na kuzificha kwenye kabati langu humohumo ndani ya Mkaguzi. Msomi alipopitia orodha ya kazi za Mkaguzi aliona neno joto, akadhani ni kipimajoto. Nilifanya hivyo kwa sababu nne. Sikuiamini njia mpya. Nilimheshimu Mzee Koti. Nilitaka siku moja nimwonyeshe Msomi kwamba amekosea. Ya nne ni kwamba nilizipenda zile kurasa. Kila asubuhi nilizifungua chache nikazitazama, kama wewe unavyopitisha mkono kwenye nguo ulizokwishashona.

Zile seva sita zilipoingia, kurasa ziliongezeka, na kazi ya dakika tano ikawa inahitaji karibu dakika sita. Ya kwanza haijaisha, ya pili inaanza juu ya mgongo wake, na ya tatu juu ya ya pili. Hilo sikulijua. Sikulitazama, kwa sababu niliyekuwa namtazama alikuwa Msomi. Kwa hiyo Mkaguzi alipokuwa akihema, gunia mgongoni lilikuwa langu. Na ile Jumanne, nilipoomba dakika tano na kukaa kwenye kompyuta ya Mkaguzi, kitu cha kwanza kabisa nilichofanya, kabla ya mlango wa maombi, kabla ya ukurasa wa mbele, kilikuwa kuizima kazi yangu mwenyewe. Ilikuwa imerundikana mara kumi na moja. Mkaguzi alianza kupumua palepale. Ukurasa wa mbele ulisaidia, naapa, tumeupima baadaye na unasaidia. Lakini sijui, na hakuna atakayejua, kama bila gunia langu angekwama vile. Njia ya Msomi ilibeba lawama mbele ya matroni, na nusu ya lawama, labda zaidi ya nusu, ilikuwa yangu.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Ijumaa nikamfuata Msomi nikamweleza lote, na ile ya chai na pole nikaitaja pia.  Akaniuliza zilirundikana ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba alikuwa ameshaanza kwenda kupima macho. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Alisema tu kwamba taarifa bado haijatoka, na kalamu ninayo.

Nikaandika kwa mkono wangu, chini ya yale maneno ya mbinu ya Fundi Baridi, aya nzima ya kosa la Fundi Baridi, yenye saa, idadi na sababu zote isipokuwa ya nne. Nikampelekea Mkuu, vifaa vyangu nimeshavipanga kwenye sanduku tayari kwa karakana. Aliisoma yote. Akaniuliza kama kosa hili litarudiwa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ukurasa wa mbele utaendelea kuchorwa. Nikasema ndiyo. Akatia sahihi mahali pawili, juu na chini, akaniambia Jumatatu nije mapema, kuna kiti kinaletwa.

Kwa hiyo usidhani naficha kitu ninapojivuna. Najivuna kwa hesabu kamili. Ndugu yako uliyemfundisha kuandika jina lake kwa chaki ya kitambaa ana aya mbili kwenye taarifa ya hospitali, moja ya sifa na moja ya aibu, na zote mbili amezistahili. Wasomee watoto zote. Wakitaka kusikia ile ya kwanza mara mbili, usiwakatalie.

Kuna kitambaa nimekutumia kwa mkono wa jirani yako anayekuja huko wiki ijayo, cha buluu, usishone sare. Jishonee wewe. Mpe shemeji salamu, wapwa zangu wapapase vichwa mmoja mmoja, na majirani waambie nipo. Mgongo ukiuma, sema unauma. Nakungoja kwa barua, maana kwenye simu huwa unasema mko salama kabla sijauliza.

Wako mdogo asiyekua,

Fundi Baridi

Nimeshatia sahihi nikakumbuka kwamba utauliza habari za Mtu wa Nyaya, kama amerudishwa karakana kwa ajili yangu. Mkuu alinionyesha jana barua yake ya kuacha kazi. Aliiandika Jumatatu, siku moja kabla ya mashine kukwama. Nafasi zilikuwa mbili na tuliobaki tulikuwa wawili.